Panya Aliyeshuka na Magunia

Mwanaidi binti Semboja alikuwa mjane wa Kizigua, mkulima wa mahindi nje kidogo ya Handeni. Mwaka wa hamsini na mbili panya walizidi. Alipanda mara mbili, na mara mbili mbegu zikafukuliwa kabla hazijaota. Akiba ya ghalani nayo ikaanza kupukutika.

Ndipo akaja bwana shamba, kijana aitwaye Muhidini, akigawa sumu nyumba kwa nyumba.

“Shikamoo mama. Hii weka ghalani, hii shambani.”

“Marahaba, mwanangu. Unataka kumuua panya yupi?”

“Panya si panya tu, mama?”

Mwanaidi alikuwa na kuku, na wajukuu wawili waliokuwa bado wanatambaa. Sumu hakuipokea. “Nipe siku nne,” alisema.

Kutega alifunzwa na mama yake. Alitega porini, shambani na ghalani, na siku ya nne akapanga mizoga juu ya jamvi kuukuu. Muhidini aliporudi akachuchumaa, Mwanaidi akamwonyesha mmoja mmoja.

“Huyu wa milia anakaa majanini, nyumbani haji. Huyu mkubwa ni buku, anasomba chakula kwa mashavu, lakini hatembei kundi. Mwizi wa shamba ni huyu.” Akamgeuza chali wa tatu. “Hesabu chuchu.”

Muhidini akahesabu hadi kumi na nane, akaguna.

“Akizaa, anajaza shimo. Na huyu wa mkia mrefu kuliko mwili ndiye wa ghalani. Hachimbi, anapanda. Zamani hatukuwa naye. Mama yangu alikufa bila kumjua.”

“Katoka wapi?”

“Hapo ndipo sijui.”

Muhidini aliwachuna, akatia ngozi chumvi, akamwomba Mwanaidi waende pamoja kuzionyesha kwa mkubwa wake Korogwe. Walipanda lori la mkonge. Mkubwa alikuwa na wageni, wakaambiwa wangoje, na Mwanaidi akaenda kukaa kivulini karibu na stesheni. Wapagazi walikuwa wakishusha mahindi ya behewa lililotoka Tanga. Gunia moja lilipoinuliwa, panya akachomoka, akaparamia nguzo hadi darini. Mkia ulikuwa ule ule.

“Baba, hawa ni wa hapa?” alimuuliza mpagazi mmoja, Bonaventura.

“Wa hapa wapi, mama! Meli inawashusha Tanga, garimoshi linawaleta hapa, lori linawafikisha kwenu.”

Mwanaidi alikumbuka mwaka wa njaa, lori la kwanza la mahindi ya serikali lilipofika kijijini. Gunia alilogawiwa alilibeba mwenyewe kichwani akiimba, akalitua ndani kwake. Alijisikia vibaya, ingawa alijua kwamba bila gunia lile watoto wake wasingepona.

Mkubwa aliwasikiliza kwa dakika chache tu, akachukua ngozi. Lakini Muhidini alikuwa ameelewa kwamba panya si panya tu. Waliporudi, Mwanaidi alikunjua madebe akazungushia miguu ya ghala, wa mkia mrefu akawa anateleza na kuanguka. Shambani alifyeka majani pembeni, akawashawishi majirani wapande wote siku moja, lisiwepo shamba la kuliwa peke yake. Panya hawakwisha, lakini mwaka ule mahindi yaliota, na yakavunwa.

Muhidini alipohamishiwa Lushoto, bwana shamba aliyeshika nafasi yake alifikia kwanza kwa Mwanaidi, daftari mkononi, akaomba aonyeshwe panya yupi ni yupi.