Kwa Nini Niliacha Ubingwa wa Uzazi

Nilikuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya ubingwa wa uzazi nilipopelekwa Nachingwea kwa miezi mitatu. Siku moja bingwa aliyenisimamia alikuwa amesafiri kikazi, kwa hiyo daktari mkubwa wodini nilikuwa mimi.

Saa nne asubuhi gari la wagonjwa likamleta binti kutoka upande wa Ruangwa. Alikuwa amejifungua alfajiri, mtoto wa kwanza, na damu ilikuwa haijakata. Mama mkwe wake, mkulima wa Narung'ombe aliyezoea Kimwera kuliko Kiswahili, alishuka amemkumbatia kichanga.

"Damu, daktari," aliniambia. "Damu tu."

Tulimpa dawa za kukaza kizazi, tukamwongezea damu, tukamwingiza chumba cha upasuaji. Nilikishona kizazi kama nilivyofundishwa. Damu iliendelea kuja. Nikamwomba muuguzi ampigie bingwa na kunishikia simu sikioni.

"Damu ya kuongeza mnayo?"

"Imekwisha."

"Toa kizazi. Sasa hivi."

Mtaalamu wa usingizi alikuwa akinisomea presha, na kila alipoisoma ilikuwa imeshuka. Nilikata na kufunga mishipa ya damu, nikiogopa kufunga mrija wa mkojo kimakosa. Damu ikakata.

Siku ya tatu nilimkuta yule binti amekaa kitandani ananyonyesha. Nikamweleza kwamba tulitoa kizazi.

"Kwa hiyo sitazaa tena?"

"Hutazaa tena, mdogo wangu."

"Hamkuweza kungoja kidogo?"

Nilimjibu kwamba angekufa. Alimtazama mtoto. Bingwa aliporudi alilipitia faili lote, akasema nilifanya sawasawa. Nilimsikia, lakini moyo haukutulia. Je, mshono mmoja zaidi usingetosha?

Tangu hapo nikawa natapika kabla ya zamu. Wiki ya pili, muuguzi aliniita kwa mzazi mwingine anayevuja damu. Niliingia chooni nikafunga mlango kwa komeo. Nilimsikia akipita koridoni akiita, "Daktari! Daktari!" nami nimeziba mdomo kwa kiganja. Nilipotoka, wakunga walikuwa wameshaizuia ile damu kwa dawa. Mama yule alikuwa anakunywa uji. Mimi ndiye niliyeshindwa kusimama.

Nilimweleza bingwa siku hiyo hiyo.

"Kuogopa tunaogopa wote," alisema. "Lakini ulijificha?"

"Nilijificha."

Akavuta karatasi. "Basi tuandike barua ya kubadilisha fani, kabla hajafa mtu."

Sasa nasomea magonjwa ya ngozi, nimeanza upya mwaka wa kwanza. Nilipokwenda nyumbani Nandagala kumwambia mama, alikuwa anapepeta mbaazi.

"Ngozi?" akauliza. "Kule kwingine umeshindwa, mwanangu?"

"Nimeogopa, mama."

Akaweka ungo chini, akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka.