Zamu ya Konzi

Mdogo wa mume wa Mama Kidoti alizaliwa amechoka. Maneno hayo aliyasema mama mzazi wake mwenyewe, na yule bibi hakuwa mtu wa kuwasema wanawe ovyo. Kijana alipewa kazi ya kulinda geti la ghala, akalala, malori yakaingia na kutoka yeye anakoroma. Akauza makava ya simu, akabishana na kila mteja mpaka wateja wakahamia meza ya pili. Akasema anajifunza ufundi umeme. Kumbukumbu ya ufundi huo ni swichi ya sebuleni, ambayo mpaka leo huwashwa kwa mpini wa kijiko cha mti.

Akaja kukaa kwa kaka yake kwa muda. Ule muda ukaota mizizi. Kaka mtu ni dereva wa lori, nyumbani anapita kama mgeni, kwa hiyo mzigo ulimwangukia Mama Kidoti, ambaye anashinda kwa dobi akipiga pasi mashati ya watu, na akirudi anakuta kochi limeshabonyea mahali palepale.

Kitu kimoja tu shemeji huyu hakukichoka: mchezo wa kwenye simu, ule wa kukamata viumbe vya ajabu, kuvifuga na kuvipiganisha. Kipenzi chake aliitwa Konzi, kiumbe cha kupigana, mwili wa nyani, kichwa cha chura, ngumi kama vibuyu. Konzi husimama kwa mguu mmoja, hufumba macho, hupumua mpaka puani panatoka moshi, kisha hupiga. Akishapiga, hurudi mahali pake na kuinua mguu tena.

"Konzi wangu amefika daraja la mia, shemeji," alimwambia siku moja, miguu juu ya meza. "Hajaanguka hata mara moja."

"Na wewe umefika daraja la ngapi?"

"Haya mambo wewe huyaelewi."

"Nayaelewa. Toa miguu, hapo ndipo tunapolia chakula."

Basi asubuhi moja, mtu ambaye hata taka hakuwahi kuzitoa nje alichomoza chumbani amevaa sare nyeupe ya kupigania, mkanda mwekundu kiunoni, akatangaza kwamba kuanzia leo aitwe Mkufunzi. Kichwa cha kuku, wahenga walisema, hakistahimili kilemba. Kiliyumba kweli, lakini hakikuanguka siku hiyo, maana mwenye duka la magodoro alimpa chumba cha nyuma, kilichokuwa kinavuja na hakina wa kukitaka. Wakatandika magodoro mabovu sakafuni. Fundi wa mabango akamchora Konzi ukutani, mkono mmoja ukatoka na vidole sita. Mkufunzi alipoulizwa, alijibu kwamba hapo ndipo ilipo siri ya mtindo.

Na watoto walikuja. Wazazi walikipenda kile chumba kwa sababu watoto walitoka pale wapole, hawasukumani, hawanyang'anyani kitu. "Ana nidhamu huyu kijana," alisema kinyozi, ambaye mwanawe alikuwa mtundu wa kutajwa. Mama Kidoti alikuwa anaifua ile sare kila wiki. Haikuwa na jasho kwapani wala vumbi magotini. Doa pekee alilowahi kuliona lilikuwa la chai. Alinyamaza. Mtu mzima akipata pa kwenda mchana, kochi nalo linapumua.

Angenyamaza hivyo mpaka kesho, kama si mashindano. Ng'ambo ya barabara kuna klabu ya ndondi, ya kweli, yenye gunia na ulingo. Mkufunzi akaenda kuwachokoza mwenyewe, akarudi amevimba kwa furaha. Jumamosi watoto wake watakutana na wa kule. Na wa kwanza kupanda ulingoni angekuwa Kidoti, naye mwanafunzi wa chumba kile, binti wa miaka tisa, meno ya mbele ndiyo kwanza yamemaliza kuota, dhidi ya binti wa mwuza nyama.

Mama Kidoti ni mtu ambaye mwanawe akichelewa kidogo tu anaanza kuuliza nani ameanguka wapi. Alipopeleka mashati mtaa ule, alipita dirishani kwa klabu, akamwona yule mtoto. Alikuwa akilipiga gunia kama limemtukana mama yake: kushoto, kulia, kushoto, kulia, tena na tena, bila kuvuta pumzi. Mama Kidoti alirudi nyumbani mashati bado anayo mkononi.

Kesho yake aliomba ruhusa kwa dobi, akaenda kukaa kwenye benchi la chumba cha magodoro. Akaangalia. Mtoto mmoja anasimama kwa mguu mmoja, anafumba macho, anapiga. Anarudi mahali pake. Mwenzake naye anainua mguu, anafumba macho, anapiga. Anarudi. Kama watu wawili wanaopokezana maji ya kunawa. Mkufunzi anapita katikati, mikono nyuma, anasema, "Safi. Safi sana." Mama Kidoti alijua ameshaliona jambo hili mahali, akakosa kukumbuka ni wapi.

Alikumbuka jioni ileile, akichambua mchele. Shemeji yake alikuwa kochini na simu. Konzi akapiga, akarudi, akainua mguu. Shemeji akaweka simu mezani, akaenda kunywa maji, akarudi akijikuna tumbo. Adui wa Konzi, dubwana lenye meno kama misumari, alikuwa bado amesimama palepale, anayumbayumba.

"Mbona hilo halimpigi?" akauliza Mama Kidoti.

"Si zamu yake, shemeji. Linangoja mimi nichague."

"Hata ukienda chooni?"

"Hata nikilala usingizi."

Mama Kidoti akaweka ungo chini. "Shemeji. Wale watoto, ndiyo hivyo unavyowafundisha? Apige, halafu angoje?"

"Ndiyo mtindo wenyewe. Ukipiga, unampa mwenzako zamu yake."

"Na mtoto wa mwuza nyama anaijua hiyo zamu?"

Akacheka, kicheko cha huruma, kama mtu anayemsaidia mjinga. "Pambano lolote lina zamu. Si ndiyo maana likaitwa pambano? Lingekuwa halina, zingekuwa fujo tu."

Hakuwa anatania. Mama Kidoti alimtazama usoni akaona hakuna hata chembe ya utani. Akatoka nje na simu yake, akampigia mume wake njiani huko aliko.

"Baba Kidoti, huyu mdogo wako amewahi kupigana?"

"Yeye? Lini? Tulivyokuwa wadogo mimi ndiye niliyekuwa nampigania. Yeye alikuwa anashika viatu vyangu."

"Kesho kutwa anampeleka mwanao akapigwe."

"Ah, mwache, Mama Kidoti. Maskini, amepata shughuli."

"Shughuli ya meno ya nani?" akauliza, lakini laini ilikuwa imeshakatika.

Alijaribu kwa Kidoti. Akamweka mbele ya kioo, akamwonyesha. "Ukimpiga, mpige tena. Usisimame."

"Mama, hiyo ni kuiba zamu. Baba mdogo amesema anayeiba zamu ni mwoga." Akasema hivyo huku ameinua mguu mmoja, macho amefumba, uso umejaa imani. Ukimkatalia tu mtoto wa namna hiyo, atatorokea hukohuko.

Ijumaa alasiri wazazi waliitwa kwenye maonyesho. Mama Kidoti alifika moja kwa moja kutoka kazini, na sare ya Mkufunzi mkononi, imepigwa pasi, imening'inia kwenye hanga. Mkufunzi alikuwa amevaa fulana, anawasubirisha watu.

"Ilete, shemeji, wageni wamefika."

"Kwanza nifundishe na mimi," akasema Mama Kidoti kwa sauti ya kusikika mpaka dukani. "Nataka kujaribu mtindo."

Watu wakacheka. Shemeji ni mtani. Mkufunzi akainama kama mtu wa heshima, akainua mguu, akafumba macho. "Karibu. Anza wewe."

Mama Kidoti akamchapa na ile sare, hanga na yote, begani.

"Safi," akasema Mkufunzi, akafumbua macho, akavuta pumzi ndefu. "Sasa zamu ya..."

Akapigwa la pili. Mkufunzi alimkazia macho kama mtu aliyeona meza ikitembea. La tatu likampata sikioni. Hakukinga. Hakukimbia. Alisimama kwa ule mguu mmoja, mdomo wazi, mkono umeinuliwa kuomba nafasi. La nne likamwangusha chali kwenye godoro linalovuja sufi.

"Zamu yangu!" akalia kutoka chini. "Shemeji, hiyo ilikuwa zamu yangu!"

Kinyozi akauliza, taratibu sana, "Yaani huyu alikuwa anangoja?"

"Anangoja," akasema Mama Kidoti, akihema. "Na wanenu kesho wangengoja vilevile, mbele ya watoto wasiojua kungoja."

Wazazi waliwashika watoto wao mikono, mmoja mmoja, bila kelele. Kinyozi ndiye aliyevuka barabara kwenda kuwaambia wa klabuni kwamba kesho hakuna mtu. Kidoti alilia njia nzima. "Umemwibia baba mdogo zamu tatu!" Mama yake aliendelea kutembea. Zamu tatu angeziiba kila siku, na za mwakani pia.

Jumamosi klabu ilipiganisha watoto wake wenyewe kwa wenyewe, mlango wazi, na Mama Kidoti alimpeleka binti yake kutazama. Binti wa mwuza nyama alipanda na msichana mrefu kuliko yeye. Kengele ikalia. Kushoto, kulia, kushoto. Yule mrefu alikuwa bado anaweka miguu sawa, kikinga meno kikamtoka, kikaruka nje ya kamba, kikadondoka karibu na kiatu cha Kidoti.

Kidoti alikitazama. Akapitisha ulimi kwenye meno yake ya mbele, polepole, kama anayehesabu.

"Mama. Hakungoja."

"Hakungoja, mwanangu."

Akasogea, akashika gauni la mama yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu jana.

Mkufunzi naye alikuja. Alikuwa amevaa ile sare, mkunjo wa hanga umepita kifuani, sikio moja bado jekundu. Amesimama nyuma ya viti, mikono nyuma, akitikisa kichwa kila ngumi inapotua.

"Wanavunja sheria wote," alikuwa akimweleza kinyozi. "Hebu ona. Kila mtu anapiga tu."

Kinyozi akahamisha kiti.