Mpira Alioachiwa Effie Rennie

Kwa miaka thelathini Effie Rennie, mcheza gofu, alisukuma mipira ya karibu shimoni bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya koti. Asubuhi alipika kwenye jiko la shule, supu ya shayiri na viazi vya watoto mia mbili. Jioni alichukua mfuko wake wa fimbo akavuka barabara kwenda uwanja wa mji, ule ulio kando ya bahari. Jina lake liliandikwa mara nne kwenye ubao wa mabingwa wanawake.

Kisha, wiki ya pili ya Mei, mikono ikamgomea.

Hakuwa mgonjwa. Mipigo mirefu ilikuwa ile ile, inayopaa juu ya vichaka vya miiba na kutua inapotakiwa. Ila mpira ukibaki hatua moja tu kutoka shimoni, mkono wa kulia ulishtuka kama umepigwa na umeme, na mpira ukapita pembeni ukaenda zake.

Mji ule ni mdogo, na kila mtu alikuwa na dawa yake. Muuza nyama alimfungia soseji huku akimwelekeza namna ya kushika fimbo. Mchungaji alimsimamisha mlangoni mwa kanisa akamwambia ahesabu pumzi. Dod, mumewe, alimwambia afumbe macho.

"Nikifumba nitaona nini?"

"Kile kile unachoona ukiyafumbua, mke wangu. Shimo hulioni."

Effie alicheka, kisha akaenda kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Alijaribu zote. Kwenye zulia la chumbani alilaza kikombe cha chai na kukitumbukizia mipira ishirini bila kukosa hata mmoja. Kesho yake, kwenye nyasi, yakawa yale yale. Kilichomchosha zaidi ni kungoja. Akiwa bado anatembea kuelekea kwenye bendera alishausikia mkono ukijiandaa kumsaliti.

Yeye peke yake angevumilia. Lakini kiangazi hiki mwenzake uwanjani alikuwa Ishbel, binti yake wa miaka ishirini na mmoja, katika kombe la wawili wawili. Wawili hucheza mpira mmoja, wakipokezana: huyu apige, yule apige. Septemba Ishbel angehamia Kanada kwa kazi ya uuguzi, na kombe hili ndilo pekee alilokuwa amemwomba mama yake. Effie alimtazama kila jioni akirudi kutoka hospitali, macho mekundu kwa uchovu, akibadilisha viatu haraka ili wawahi uwanjani. Mtoto aje achoke hivi, kisha mama amwangushe hatua moja kutoka shimoni? Wifi yake, Jean, alikuwa tayari kushika nafasi. Jumanne ya nusu fainali Effie aliamua: nikikosa mpira mmoja wa karibu leo, nampa Jean nafasi.

Alikosa shimo la tatu.

"Samahani, mwanangu."

Ishbel alishaanza kutembea kuelekea shimo la nne. Effie alikosa tena la saba.

"Samahani. Sijui nina nini, samahani sana."

"Mama." Ishbel alisimama katikati ya nyasi. "Nani alinifundisha kwamba ukicheza wawili huombi radhi?"

"Mimi."

"Na wewe nani alikufundisha?"

"Bibi yako."

"Basi muache bibi apumzike. Kila ukisema samahani, naacha kufikiria mpigo wangu naanza kukubembeleza. Nimebembeleza watu tangu alfajiri."

Effie akarudisha fimbo mfukoni. Hakumwambia kwamba ameshaamua kuhusu Jean. Angesema nyumbani, baada ya chai.

Wapinzani wao walikuwa Netta Petrie, aliyesoma na Effie tangu utoto, na Una, mwalimu mwembamba asiyependa kushindwa hata karata. Ishbel alicheza kwa wawili. Walipofika shimo la kumi na nane, la mwisho, mama na binti walikuwa wameshinda shimo moja zaidi. Wakitoka sare hapo, wameshinda.

Netta na Una walimaliza kwa mapigo matano. Ishbel, kutoka mbali, aliuviringisha mpira wao ukasimama karibu na shimo. Futi mbili na nusu. Wakiutia, nao wana matano. Na zamu ilikuwa ya Effie.

Upepo ulikuwa umetulia. Effie aliinama, akanyooka, akainama tena. Mkono ukaanza.

"Chukua, shoga," Netta akasema.

"Nini?"

"Chukua mpira wako. Nimekuachia. Sare."

Ni desturi yao: mpira ulio mdomoni mwa shimo, mpinzani anakuachia, unahesabiwa umeingia. Lakini futi mbili na nusu, nusu fainali, shimo la mwisho! Una alimgeukia mwenzake kama mtu aliyeona nyumba yake ikigawiwa wapita njia.

"Netta, una wazimu?"

"Goti linaniuma na nataka chai. Siwezi kumtazama mtu akiteseka vile."

"Sitaki kuachiwa," Effie akasema. "Ngoja niupige."

"Hukatai," Netta akajibu. "Sheria unaijua kuliko mimi. Ukishaachiwa, umeachiwa."

Na kweli hakuna kukataa. Wakapeana mikono. Una alitoa vidole viwili tu, akaondoka na mfuko wake akiongea peke yake. Netta alimfuata akichechemea.

Effie alibaki anautazama mpira. Wameshinda, na alijisikia kama aliyelishwa kwa kijiko.

"Upige," Ishbel akasema.

"Umeshahesabiwa."

"Najua. Upige tu."

Akaupiga. Mkono ulishtuka, mpira ukagusa ukingo wa shimo, ukapita, ukasimama mbele kidogo. Effie alifungua kinywa. Neno lilikuwa tayari ulimini, lile lile la wiki sita. Akamwona Ishbel anakuja taratibu na fimbo yake, bila kukunja uso, kama anayekuja kutoa sahani mezani.

"Zamu yangu," Ishbel akasema, akausukuma ndani.

Mpira uligonga chini ya shimo. Effie aliinama akautoa, mgongo ukilia, akaufuta kwenye sketi yake. Mkono haukuwa umepona na huenda usipone kiangazi hiki. Alifikiria simu ya kumpigia Jean, kisha akaiacha.

"Fainali ni Jumamosi saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne asubuhi."

"Basi Ijumaa ulale mapema. Utakuwa na kazi nyingi."

Ishbel akabeba mifuko yote miwili, na Effie, kwa mara ya kwanza, hakumkatalia.