Tangi la Wanangu

Kosa langu lilikuwa kuandika kwa Kiswahili.

Matangi ya maabara yetu hapa Guangzhou yanafanana yote: plastiki nyeupe, lita kumi, na mrija unaobubujisha hewa kutwa kucha. Kila mwanafunzi alitakiwa aandike jina lake ubavuni. Mimi nikajifanya mjanja. Kichina kina neno moja, yang, la kufuga kuku na kulea mtoto, na wenzangu walilitumia hilohilo kwa tope la majitaka. Basi nikaandika WANANGU, kwa herufi kubwa, nikacheka peke yangu.

Tope lenyewe nililichota kwenye mtambo wa majitaka, zito, la kahawia, limejaa bakteria. Kazi yangu ilikuwa kuwazoeza kula rangi ya jinzi. Kila wiki nilikwenda Kangle, mtaa wa viwanda vya nguo, na madumu mawili, nikajaziwa maji ya bluu kwenye karakana moja ya kufulia suruali. Ukiwapa rangi nyingi wanakufa, ukiwapa kidogo mno hawajifunzi. Kwa miezi minane niliwapimia kama uji wa mtoto, hadi siku nilipomimina jagi zima asubuhi, na kufikia jioni maji yakawa meupe. Profesa hakunificha: tangi likihimili hadi mwisho wa muhula, ataniombea ufadhili wa kuendelea. Likifa, narudi Dar.

Kona yetu tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa kaka kutoka Mwanza, anamalizia shahada yake ya uzamivu, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, ndiye aliyenifundisha kutumia hadubini. Kwa Wachina wa maabara kona nzima ilikuwa ya Waafrika, na hakuna aliyejisumbua kujua tangi lipi ni la nani. Lake lilikuwa limeanza kunuka yai viza. Sikumuuliza, kwa adabu tu.

Idd ilipofika, kina mama wa kwetu wanaofanya biashara mtaa wa Xiaobei walinialika pilau.

"Nenda kasali, mdogo wangu," kaka akaniambia. "Wanao nitawalisha mimi."

Nilirudi siku ya tatu. Tangi lilikuwa mahali pake, hewa inabubujika. Lakini tope lenye afya hunukia udongo uliolowa mvua, na hili lilinuka yai viza. Nikaweka tone chini ya hadubini. Wangu nilikuwa nawajua: katikati ya bakteria waliishi vijidudu vyenye umbo la kengele, vimejishikiza kwa vikonyo vyembamba, vinajikunja ukigusa kioo. Sasa hakikuwapo hata kimoja. Nikaligeuza tangi. Ubavuni palikuwa na baka la spiriti, pale kaka alipofuta jina lake.

Langu lilikuwa mezani kwake, limepangwa tayari kwa ukaguzi wa profesa. WANANGU hakulifuta.

"Kaka, hilo ni langu."

"Tope ni tope, mdogo wangu. Meiyou, hakuna tofauti." Hakuinua macho. "Mimi natetea tasnifu yangu Ijumaa. Wewe bado kijana, utalea mengine."

"Miezi minane nitaitoa wapi?"

"Usinivue nguo mbele ya hawa watu. Sisi ni ndugu."

Mgeni angeniibia ningepiga kelele, lakini huyu nilikuwa nimemwachia ufunguo wa kabati la madumu ya rangi kwa mkono wangu. Nilimchukia, na papo hapo nikajichukia kwa zile shikamoo zote.

Profesa akaingia na daftari lake. Akamimina maji ya bluu, akachungulia hadubini kwa muda mrefu, akatabasamu. Kisha akagonga yale maandishi kwa ncha ya kalamu na kumuuliza kaka maana yake.

"Watoto wangu," kaka akajibu, kwa Kichina safi.

Profesa akacheka kwa furaha, akasema kweli amewalea vizuri. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakulifuta. Ningekuwa nimeandika jina langu lisingemkubali, lakini neno nililoandika lilikuwa la yeyote atakayelitamka.

Nikasogea mbele.

"Ni watoto wangu," nikasema, kwa Kichina vilevile.

Profesa akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu daftarini. Alidhani nathibitisha tafsiri.