Maganda Arobaini ya Darlene

Darlene Hoagland aliwapikia watoto wa shule miaka thelathini hapa kwetu Nebraska, na alipostaafu akaanza kupika risasi, yaani kuyajaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Gerejini kwake kuna mashine ya mkono yenye sahani inayozunguka. Kila akivuta mpini, ganda moja linatolewa kitakoni fataki kuukuu, kile kikofia cha kuwashia baruti, la pili linatiwa mpya, linalofuata linamiminiwa baruti, jingine linavishwa risasi, na la mwisho linaangukia kwenye trei likiwa tayari. Mia tano kwa saa, bila redio. Ukimsemesha anapovuta, anakuonyesha mlango.

Lakini mashine haili hewa, inakula maganda matupu, na msimu ule maganda ya Darlene yaliota miguu. Kila Jumamosi, akishamaliza zamu yake ya kulenga shabaha kule machimboni, alikwenda kuandika alama za wenzake. Akirudi na ndoo kuokota maganda yake yaliyoanguka chini, anakuta nusu. Kufikia Juni alibakiwa na ya kutosha wiki mbili tu, na shindano la kaunti ni Agosti. Alianza kusema atajitoa. Nilikasirika, maana sote tulimshuku Verl, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye naye ana mashine kama ile. Ila mwizi hashikwi kwa kushukiwa.

Darlene alikuwa na kopo la maganda aliyoyatenga kwa miaka. Kwa juu ni yaleyale, ila tundu la fataki kitakoni ni dogo. Ganda la namna hiyo likichanganyika na mengine, fataki ya kawaida haiingii na mashine inagoma papo hapo. Yeye hukagua ganda moja moja. Verl huvuta mpini macho yakiwa kwenye mechi ya besiboli runingani.

Jumamosi iliyofuata akahesabu arobaini, akayamwaga chini kati ya maganda yake, kisha akaenda kuandika alama. Siku hiyo aliandika polepole mno, na aliporudi hakukuta hata moja kati ya yale arobaini.

Wiki moja baadaye tulikuwa kwenye kahawa baada ya ibada, na Verl hakuwa na habari nyingine ila mashine yake.

“Takataka ile,” alisema. “Jana imenikwamia mara kumi na nne. Fataki haziingii, navuta mpaka bega linaniuma. Nishaagiza kipuri.”

Darlene alimkatia kipande kikubwa cha pai.

“Pole, shemeji. Kumi na nne, una hakika?”

“Si nimehesabu?”

“Basi usihangaike na kipuri. Bado ishirini na sita yanakuja.”

Verl alitazama pai, akatutazama sisi, akarudi kwenye pai. Mimi niliinama nikajidai kufunga kamba za viatu, na siku hiyo nilivaa buti zisizo na kamba.

Jumatatu asubuhi ndoo mbili zilikuwa kizingitini kwa Darlene, zimejaa, bila barua. Alikaa nazo mchana kutwa akigeuza ganda moja moja kitako juu. Yenye tundu dogo yalikuwa ishirini na sita.