Tangazo la Kabla ya Hadithi

Mlinzi wa jengo letu huku Jumeirah Lake Towers, kijana wa Bungoma, huiweka simu yake kaunta kila asubuhi ikiwa imefunguliwa redio ya nyumbani. Mara nyingi ni salamu na muziki, nami humpungia mkono nikapita. Lakini kuna asubuhi kinachosikika ni kinanda, kile kinanda cha polepole kinachotangulia matangazo ya vifo. Hapo miguu yangu hukataa kuingia lifti. Wenzangu wa ofisini hunipita na kahawa zao, yalla yalla, mkutano unaanza, nami nimeganda pale. Pua yangu husikia chapati inaungua, na hakuna anayepika.

Nilikuwa na miaka minane. Tuliishi Jumeirah Village Circle, baba, mama na mimi, katika nyumba ya chumba kimoja ambayo mama aliisifu kwa kuwa dirisha la jiko lilifunguka. Baba alikuwa msimamizi wa walinzi. Mama alikuwa na mimba kubwa ajabu. Akiketi, ilibidi mimi au baba tumvute ndipo asimame, na sote tucheke. Ndege gani ya kwenda nyumbani Kenya ingemchukua mtu wa hali ile? Hata mtaani alikuwa ameacha kwenda mbali.

Kila Jumamosi asubuhi nilipelekwa kwa Bi Salma. Huyu alikuwa Mzanzibari aliyekaa Dubai tangu ujana wake, na Kiunguja chake kilitoka kinywani kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Sebule yake ndiyo iliyokuwa darasa letu la Kiswahili: Wakenya, Watanzania, na ndugu wawili Waganda waliocheka kila kitu. Shuleni wiki nzima tulisema Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili chetu kilikuwa cha kuombea maji tu. Wazazi waliona aibu kila wakipiga simu nyumbani na sisi kushindwa kusalimia.

Vitabu Bi Salma hakuviamini. Aliamini redio za taifa za nyumbani, wiki hii ya kwao, wiki ijayo ya kwetu, ili mtu asinung'unike. Katikati ya wiki alirekodi kipindi cha hadithi kwa simu, Jumamosi akatuwekea. Tulisikiliza mara ya kwanza bila kupumua. Mara ya pili alisimamisha kila penye neno gumu, akatueleza. Kisha kila mtoto alipewa kipande chake akihifadhi, akakitoe nyumbani mbele ya mzazi, kwa sauti ileile ya redio. Hilo la sauti hakulitania. "Ukisema kama unasoma bei za dukani," alituonya, "nitajua."

Sasa, kwa kuogopa kuukosa mwanzo wa hadithi, Bi Salma alianza kurekodi mapema mno. Kwa hiyo hadithi nyingi zilitanguliwa na matangazo ya vifo. Mwalimu mwingine angeyaruka, lakini si yeye. "Humu mna ukoo mzima," alisema. "Mkwe, wifi, shemeji, mjukuu, kitukuu. Mtayapata wapi yote pahala pamoja?" Akatugawia na matangazo pia. Wazazi walilalamika. Baba Kelvin alikuja kusema mwanawe ametangaza kifo cha samaki wao ndani ya lifti, mbele ya majirani, akataja hadi wakwe wa samaki. Bi Salma alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio, na wiki iliyofuata akatugawia tena.

Wiki ninayoisimulia, nyumbani kwetu mambo yalikuwa mageni kidogo, ingawa mimi niliyafurahia. Baba aliosha vyombo. Baba, jamani! Alimletea mama maembe bila kuagizwa. Simu ya mama ilikuwa imeharibika ghafla, baba akaipeleka kwa fundi, na kila jioni jibu lilikuwa lile lile: "Kesho, inshallah, fundi amesema kesho." Mama alinung'unika kwamba amekaa siku nyingi bila kumsikia Cucu, yaani mama yake. Baba alijibu kwamba Cucu yuko salama, akarudi kwenye vyombo vyake.

Jumamosi ikafika, na Bi Salma akanipa tangazo. Si hadithi, tangazo, na si kipande, bali zima. Nilivimba kichwa. Mtangazaji alikuwa na sauti nzito iliyotembea taratibu, nami niliishika yote, mapumziko yake na namna alivyoshusha pumzi kabla ya majina. Palikuwa na neno moja lililotushinda, ng'ambo. "Ng'ambo ni kuvuka bahari," Bi Salma alieleza. "Kama sisi hapa. Sisi ndio watu wa ng'ambo." Tukatazamana tukajiona watu wakubwa.

Nilifika nyumbani mama akisukuma chapati, ameketi kwenye kiti cha plastiki kwa kuwa miguu ilimvimba. Baba alikuwa kazini. Nilisimama katikati ya jiko, nikakohoa kama mtangazaji, nikaanza.

"Kwa masikitiko makubwa, tunatangaza kifo cha Mama Teresia Nyokabi, wa kijiji cha Gathima. Alikuwa mke wa marehemu Mzee Josia. Mama mpendwa wa Macharia, Muthoni, na Wangeci aliye ng'ambo…"

Mtauliza, mtoto gani hamjui nyanya yake? Ngojeni. Mimi nilimjua Cucu. Nilijua kikohozi chake cha kwenye simu na swali lake la kila mara, kama nimekula. Jina hakuwa nalo, alikuwa Cucu. Kijiji chake nacho kwetu kilikuwa ushago tu, huko mashambani. Anko alikuwa Anko, anti alikuwa Anti. Na mama yangu, Wangeci mwenyewe, pale Dubai alikuwa Grace kazini, Mama Nyambura nyumbani. Cucu naye alimwita Maitu, yaani mama, maana alirithi jina la mamake Cucu. Niliyabeba majina yale kama mtu anavyobeba wimbo wa lugha asiyoijua.

Mama alikuwa ametabasamu tangu mwanzo, akifurahia ile sauti nzito. Tabasamu lilibaki usoni muda kidogo baada ya mkono kusimama. Nami niliendelea, nikasema ibada itafanyika nyumbani kwa marehemu, na mazishi ni Jumamosi hii saa nane mchana. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Nikasubiri pongezi. Chapati ilikuwa inatoa moshi.

"Ulisikia wapi?" aliuliza.

"Kwa Bi Salma. Kwa redio."

Akaangalia saa ya ukutani. Ilikaribia saa tisa, na sisi tuko mbele ya nyumbani kwa saa moja. Chapati akaiacha iungue. Nilijua nimeharibu kitu, sikujua ni kipi. Nilizima jiko. Nikamuuliza kama nikagonge kwa jirani, nikaombe simu, nimpigie baba. Akanishika mkono kwa vidole vyenye unga.

"Kaa hapa. Rudia."

Nikarudia, safari hii harakaharaka ili yaishe.

"Hapana. Na ile sauti yake. Usikimbie."

Nilidhani nakosea. Ndivyo Bi Salma alivyofanya: ukikosea, unarudia. Nikajitahidi mno. Nikavuta pumzi palipo na pumzi. Nilipofika kwa Wangeci aliye ng'ambo, alifumba macho, nikaona machozi yakipita katikati ya unga shavuni, nami nikaanza kulia huku natangaza. "Mama, nimekosea wapi?" nilimuuliza. "Hujakosea, mwanangu. Rudia." Ningefanya nini? Nilikuwa na lile tangazo tu. Sikuwa na neno jingine la Kiswahili la kumpa.

Saa tisa ilipotimia alinipa mikono, nikamvuta akasimama. Alichukua leso mlangoni akajifunga kichwani, akasimama wima mbele ya dirisha la jiko, mkono mmoja tumboni. Nje palikuwa na magari yaliyoegeshwa na jua. "Sasa wanamteremsha," alisema. Nikasimama kando yake. Aliniambia niseme tena, polepole, nami nikasema mpaka mwisho.

Baba alirudi jioni na simu ya mama mfukoni, nzima kabisa. Alipoona ile leso alivua kofia yake ya kazi akabaki mlangoni. Yeye na akina anko walikuwa wamekubaliana kwamba mama aambiwe siku inayofuata, akiwa amezungukwa na watu wa kanisa, ili mshtuko usimdhuru yeye na mtoto. Nilipokuwa mkubwa niliwaelewa. Hata mama aliwaelewa, ingawa kwa wiki kadhaa baba aliosha vyombo bila kusemeshwa. Kilichonichukua miaka mingi zaidi ni kuelewa kwa nini mama alinirudisha mwanzo mara zote zile. Niliamini kabisa kwamba nilifeli kazi ya Bi Salma.

Mdogo wangu alizaliwa salama, akaitwa Nyokabi. Jina nililolitangaza bila kulijua, sasa linaitwa kutwa kucha, kwa viatu vilivyoachwa mlangoni na kwa chai iliyopoa. Majuzi tulikuwa mezani, naye akataka kujua huyo aliyempa jina alizikwaje. Kulikuwa na mvua? Watu walikuwa wengi? Waliimba nini? Baba akainamia sahani yake. Nilimtazama mama, ambaye hakuwahi kuliona hata kaburi lenyewe kabla nyasi hazijaota.

Mama aliendelea kummegea chapati.

"Muulize dada yako," alisema. "Yeye ndiye aliyenizikia mama."