Siku Jildou Alipoifuta Tovuti ya Chama cha Barafu

Katika kijiji chetu cha Wierhuzen, huku Frisia, kaskazini mwa Uholanzi, ukifumbua mdomo mkutanoni ukasema unajua kompyuta kidogo, umekwisha. Jildou Wiarda, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliufumbua wa kwake, na tangu siku hiyo tovuti ya chama cha barafu, kile cha watelezao juu ya mifereji iliyoganda, ikawa mzigo wake peke yake. Ahsante hakuipata, maana kwetu kumshukuru mtu ni kazi kuliko kung'oa jino.

Mfumo ulioendesha tovuti ulikuwa umechakaa, kwa hiyo Jildou akaamua kusakinisha mpya. Wala si kwa kubofyabofya vitufe: kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi, kama wafanyavyo wenye fani yao. Asubuhi hiyo alifungua madirisha mawili, moja la mashine yake ya majaribio, jingine la seva yenye tovuti yenyewe. Yote meusi, yanafanana kama mapacha. Akaandika amri ya kusakinisha upya, na mwishoni akatia ile herufi wanayoipenda watu wasio na subira, inayoiambia mashine: usiniulize, jibu langu ni ndiyo. Bila herufi ile, mashine ingemuuliza kama kweli anataka kufuta kila kilichomo. Sasa haikuuliza.

“Hongera,” mashine ikaandika. “Usakinishaji umekamilika.”

Hapo ndipo alipotazama jina la seva. Mama yangu! Aliandika kwenye dirisha lisilo lenyewe.

Ratiba za mikutano zingeandikwa upya, nani anazijali? Kilichomkata maini ni ripoti za Hinke. Hinke alikuwa mke wa mzee Durk, mpima barafu wetu, anayetuambia kama inabeba watu, na kila msimu wa baridi Hinke aliandika habari za mifereji moja kwa moja kwenye tovuti, hata miaka isiyoganda kitu. “Leo hakuna barafu. Durk ameenda kupima matope.” Kijiji kizima kilicheka. Karatasi hakutumia kamwe. Alisema karatasi ni ya kufungia samaki. Hinke alifariki, na tangu tulipomzika, Durk hakuwahi kunywa kahawa ya asubuhi bila kusoma ripoti yake moja.

Jildou akakimbilia nakala za akiba, zilizokuwa zikijitengeneza zenyewe kila wiki. Faili zilikuwepo, zimepangwa vizuri. Akafungua moja: tupu. Nyingine: tupu. Alibadilisha neno la siri msimu wa majani kupukutika, akasahau kuuambia mtambo wa nakala, na za kabla ya hapo zilikuwa zimeshajifuta.

Akawapigia wenye seva. “Nakala ni jukumu la mteja, bibi,” kijana akamwambia, tena kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza zaidi. Akapekua maghala ya mtandaoni yanayotunza kurasa za zamani. Akakuta ukurasa wa mbele tu, na picha ya daraja. Akalia kwa sauti, mwanamke mzima, uso kwenye kibodi.

Simu ikalia. Alikuwa Durk.

“We Jildou, Hinke hayupo.”

“Mzee Durk, niko kwenye matengenezo. Vumilia kidogo.”

“Panasema ‘Karibu kwenye tovuti yako mpya.’ Mpya ya nani? Mimi nilitaka ile ya zamani.”

“Kesho, mzee wangu. Kesho utaikuta.”

Kwa nini alisema kesho? Mfa maji haachi kutapatapa. Akakaa kwenye kiti kilekile, akaanza kuandika ripoti kwa kukumbuka, na pale kumbukumbu ilipokatika akatunga. Akaandika ya bata waliokwama, ya kamba ya kiatu cha kuteleza iliyokatika, ya Durk akipima unene wa barafu karibu na kinu cha upepo. Akaweka jina la Hinke chini ya kila moja.

Kesho yake akamfuata Durk nyumbani, kwa sababu hakuweza kungoja simu. Mzee alikuwa jikoni, kompyuta mbele yake, kahawa pembeni. Akasoma kwa sauti, taratibu, kidole juu ya kioo.

“‘Durk wangu ametembea tangu alfajiri, na hakuna mpima barafu hodari kama yeye.’”

Akavua miwani.

“Huyu nani?”

“Ni Hinke, mzee.”

“Hinke? Miaka yote ile Hinke aliniita kichwa cha kabeji. Hakunisifu hata siku ya harusi.” Akamkazia macho. “Usinifanye mtoto, Jildou. Zangu ziko wapi?”

Jildou akajaribu kueleza madirisha, amri, nakala tupu. Maneno yalimgongana mdomoni. Mwisho akasema tu, “Nimezifuta. Zote. Hazirudi tena. Nisamehe, Mzee Durk.”

Durk hakufoka. Heri angefoka. Aliifunika kompyuta, akaisukuma mbali, akaitazama mikono yake.

“Siku ile ya mazishi watu walisema pole, pole,” akasema. “Mimi nikawa nawashangaa. Kila asubuhi nilikuwa naye hapa.” “Basi kumbe ndiyo amekufa.”

Jildou akavuta kiti, akakaa naye. Hakuna aliyeigusa kahawa.